LibraryThing kwa wasaka riwaya za njama na siri za dini

Msomaji wa riwaya za taharuki zenye masalia matakatifu, injili zilizofichwa na vyama vya siri anaijua kero hii: kila tovuti ya vitabu humrudisha kwenye The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, na zile zilizoifuata nyuma nyuma. LibraryThing, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Tim Spalding, ndiyo inayomtoa hapo vizuri kuliko nyingine, na siri yake ni lebo. Lebo hizo huandikwa na wasomaji wenyewe, kwa maneno yao, kwa hiyo kitabu ambacho mchapishaji amekiita "taharuki" tu, msomaji atakuwa amekwishakiandikia kwamba kina watawa, magombo au uzushi.

Kujiandikisha ni bure. Katika sehemu ya lebo andika maneno mawili ukiyatenga kwa mkato, na uyaandike kwa Kiingereza maana ndiyo lugha ya lebo nyingi: thriller, relics (taharuki, masalia). Orodha inayotoka ni ya vitabu vyenye lebo zote mbili. Anza na kitu au mahali kuliko aina ya kitabu. Ukiandika religious thriller utapata vile vile unavyovijua. Ukiandika thriller, monastery (monasteri) au thriller, scrolls (magombo), sura ya orodha inabadilika kabisa. Jina la Templars (Watempla, watawa wapiganaji wa enzi za Vita vya Msalaba) lina tatizo lake: huvuta rundo la vitabu vya historia tupu. Weka alama ya kutoa mbele ya lebo usiyoitaka, yaani -nonfiction (vitabu visivyo vya kubuni), na rundo hilo litapungua. Usizidishe lebo tatu. Wengi hupachika tano kwa pamoja, wakabaki na vitabu viwili, kisha wakadhani tovuti haina kitu.

Ukishapata kitabu kimoja kizuri, shuka chini ya ukurasa wake hadi kwenye taarifa zinazojazwa na wasomaji: wahusika, mahali muhimu, mfululizo, mwaka wa toleo la kwanza. Bofya jina la mahali, tuseme Vatican City, utaona hadithi nyingine zinazotokea hapo hapo. Mwaka wa toleo la kwanza nao uangalie kila mara. Riwaya za aina hii hutolewa upya zikiwa na jalada jipya, wakati mwingine na jina jipya katika nchi nyingine, na mtu hununua "kitabu kipya" alichokwisha kukisoma. LibraryThing huyakusanya matoleo yote chini ya kazi moja, hivyo udanganyifu wa jalada hauna nafasi.

Udhaifu wake uko kwenye vitabu vipya kabisa. Lebo huhitaji wasomaji, na kitabu cha mwezi huu bado hakina wasomaji, kwa hiyo kitakaa chini ya orodha au kisionekane. Dawa ni kupitia ukurasa wa mfululizo wa mwandishi uliyemfurahia, uone namba inayofuata, na kufuatilia Early Reviewers, mpango wa LibraryThing ambako wachapishaji hugawa nakala kwa wanaokubali kuandika maoni. Soma nchi zilizoruhusiwa kabla ya kuomba. Si kila nakala hutumwa kila mahali.

StoryGraph, tovuti nyingine ya wasomaji, inafaa kama chujio la pili: huchuja kwa hisia, kasi na idadi ya kurasa, jambo la maana kwa anayechoshwa na juzuu za kurasa 500 na zaidi. Goodreads ina wasomaji wengi zaidi na orodha nyingi za kupigiwa kura, lakini kura hupandisha kinachojulikana, na wewe unatafuta kisichojulikana.

Kabla ya kulipa, soma sura ya bure na maelezo ya mwandishi mwishoni. Mwandishi makini hutenganisha hapo alichobuni na kilichotokea. Pima kwa mambo machache. Nyaraka za Vatikani ziliitwa "za siri" kwa maana ya nyaraka binafsi za Papa. Watafiti walifunguliwa milango mwaka 1881, na mwaka 2019 neno hilo likaondolewa kwenye jina. Watempla walikamatwa Ufaransa tarehe 13 Oktoba 1307, na hati ya Chinon inayoonyesha viongozi wao wakiondolewa hatia ya uzushi ilitambuliwa mwaka 2001. Hapo pana utajiri wa hadithi hata bila kuongeza chumvi. Lakini maelezo ya mwandishi yakikuapia kwamba Priory of Sion ni chama cha kale kilicholinda siri tangu Vita vya Msalaba, funga sampuli hiyo: chama hicho kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard, na hati za "ukale" wake zilighushiwa kisha zikapenyezwa katika maktaba ya taifa mjini Paris.