Adapta ya GPIB: ipi ununue, ipi uiache

Unataka kuunganisha mashine ya kupimia, mfano maltimita, na kompyuta? Kabla hujatoa hela, geuza mashine uangalie mgongo wake. Ukikuta poti ya LAN, au ile ya USB ya umbo la mraba kama ya printa, huhitaji adapta yoyote. Chomeka kebo ya kawaida. Hiyo ndiyo namba moja yangu.

Waliobaki ni sisi wenye mashine kuukuu zenye soketi pana ya pini 24. Hiyo ni GPIB, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta, iliyoanzia Hewlett-Packard (HP) na kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975.

Namba mbili naipa Prologix GPIB-USB. Kompyuta huiona kama poti ya siriali, basi. Kwa maltimita ya HP 34401A, ambayo hutoka kiwandani na anwani 22, unaandika `++addr 22`, halafu `*IDN?`, halafu `++read eoi`, nayo inajitaja jina. Siku ya kwanza nilizima `++auto`, inayosoma jibu yenyewe, nikasahau `++read`, nikabaki nakodolea skrini tupu nikidhani nimeunguza kitu.

Namba tatu ni AR488, programu ya bure ya kupakia kwenye Arduino Uno au Nano, vile vibao vidogo vya kielektroniki. Inaelewa amri zilezile za Prologix; kazi yako ni kulehemu soketi. Kwa mashine moja mezani inatosha kabisa. Ukiunganisha nyingi, pini za Arduino hulemewa.

Adapta za GPIB-USB-HS+ ya National Instruments (NI) na Keysight 82357B nimeziweka namba nne kwa sababu ya bei tu. Programu yako ikidai VISA (maktaba ya programu ya kuzungumza na vifaa vya kupimia), kwa mfano umerithi kazi ya LabVIEW, programu ya NI ya kuendesha vipimo, hakuna ujanja: nunua mojawapo, tena kwa wakala rasmi. Bandia zake zimejaa mtandaoni, na "mpya" ya bei ya chee usiiguse.

Kebo zisizidi mita 20 kwa jumla, na vifaa 15 ukihesabu na kompyuta.

Mwenye HP 3478A asishangae `*IDN?` ikikosa jibu. Amri hiyo ililetwa na IEEE 488.2 mwaka 1987, mita yenyewe ni ya zamani zaidi. Itumie `H1`, ikupimie volti za DC. Na kwa vile data zake za kalibresheni (namba za kusahihisha vipimo) zinashikiliwa na betri, zinakili kupitia GPIB kabla hujaigusa hiyo betri.