Uzoefu wangu na shiti za alumini 5052-H32 katika kazi ya kukunja

Katika karakana yetu ndogo ya Keko, Dar es Salaam, tunatengeneza masanduku ya samaki na barafu kwa wachuuzi wa soko la Feri, na kwa mwaka mmoja sasa ninatumia shiti za alumini aina ya 5052-H32 (namba ni ya mchanganyiko wa metali, H32 ni kiwango cha ugumu) zenye unene wa milimita 2. Nimeridhika nazo sana, ingawa nilizifikia baada ya hasara.

Awali niliuziwa 6061-T6, nikaelezwa kwamba hakuna alumini ngumu kuipita pale dukani. Shiti ya kwanza ilipokaribia nyuzi 90 kwenye mashine ya kukunjia, nilisikia mlio mkavu, na nilipoigeuza nikaona ufa mwembamba kama unywele umepita kona nzima kwa upande wa nje. Ziliharibika shiti tatu kabla sijasimamisha kazi. Aloi hiyo, yaani mchanganyiko huo wa metali, hupata nguvu kutokana na magnesi na silikoni pamoja na kupashwa joto kiwandani, na ikiwa katika hali ya T6, yaani imekwisha kukazwa kwa joto hilo, haivumilii kona kali: hutaka mkunjo mpana, ambao nusukipenyo chake cha ndani ni mara 2 hadi 3 ya unene wa shiti, ilhali ncha ya mashine yetu inayobonyeza kona ina nusukipenyo cha milimita 2 tu, sawa na unene wa shiti.

Shiti ya 5052 ina magnesi takriban asilimia 2.5 na kromi kidogo, na ugumu wake hutokana na kuviringishwa ikiwa baridi, si na joto. Kwa ncha ileile na unene uleule, kona zake zimetoka safi. Aidha, inastahimili maji ya chumvi vizuri, jambo ambalo kwa kazi ya Feri lina uzito kuliko nguvu za ziada.

Hata hivyo, nayo inataka uangalifu. Mistari hafifu inayoonekana juu ya shiti huonyesha mwelekeo ambao iliviringishwa kiwandani, na mkunjo unapaswa kuikata mistari hiyo badala ya kwenda sambamba nayo. Kingo zilizokatwa nazipiga tupa kwanza, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye meno yaliyoachwa na mkasi, na alama za kukunjia nachora kwa kalamu ya wino, kamwe si kwa msumari, maana mkwaruzo ulio upande wa nje wa kona hugeuka mwanzo wa ufa. Tena shiti hujirudi kidogo baada ya kukunjwa, hivyo naipitisha nyuzi 90 kwa kiasi ambacho nimekwisha kukijaribu kwenye kipande kidogo cha shiti hiyohiyo.

Udhaifu nilioukuta ni kwamba hukwaruzika upesi, na ukiitoboa na kuikata hesi, alumini yake hunata kwenye kifaa. Mabaki ya 6061 sikuyatupa. Nayatumia kwa vipande vilivyonyooka vya miguu ya masanduku, mahali pasipokunjwa kitu.