Ainola, nyumba ya Sibelius: naipa nyota 4, na sio kwa ajili ya Sibelius

Wadau mlioko Finland au mnaopita Helsinki kiangazi, hapa pafikeni. Ni nyumba ya Jean Sibelius yule mtunzi wa muziki, iko Järvenpää, unapanda treni ya kawaida toka Helsinki unashuka stesheni ya Ainola unatembea kidogo umefika. Nyumba ya magogo, ramani alichora Lars Sonck, familia ikahamia 1904. Piano ipo, meko ya kijani ipo, na mzee hakutaka mabomba ya maji ndani eti kelele zitamvuruga akitunga (rahisi kusema hivyo kama anayechota sio wewe).

Ila mi kilichonishika ni jina. Ainola ni kama kusema kwa Aino, yaani mkewe, vile Dar tunavyosema Kwa Azizi Ally. Na Aino wala sio jina la kale sana, kwenye nyimbo za wazee wa Karelia (eneo la mpakani mwa Finland na Urusi) ilikuwa sifa tu ya binti, kwamba ndo wa pekee, halafu Elias Lönnrot akazikusanya zile nyimbo akaunga Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini, 1835 kisha lile toleo kubwa la 1849, yeye ndo akaifanya jina la mtu. Kisa chenyewe kinauma jamani. Kijana Joukahainen anashindana kuimba na mzee Väinämöinen, anashindwa, anazamishwa kwenye tope, ili aokoke anamtoa dada yake Aino aolewe na huyo mzee. Mama anashangilia kupata mkwe mkubwa! Binti analia, anaenda majini na harudi. Baadae mzee anavua samaki, kumbe ni yeye, anamponyoka na kumcheka juu.

Sasa nani anampa mwanae jina la msichana aliyezama? Ila enzi hizo Finland iko chini ya Urusi na wasomi wengi wanaongea Kiswidi nyumbani, kwahiyo kumwita mtoto jina la Kifini ilikuwa kutangaza uko upande gani. Aino Järnefelt, huyu mke wa Sibelius, alizaliwa 1871 kwenye familia iliyoipigania lugha hiyo haswa. Siku hizi utakutana na bibi Aino na kitoto cha chekechea Aino mtaa mmoja.

Bustani ndo sehemu niliyokaa zaidi, ilikuwa himaya ya Aino, mboga alikuwa analima mwenyewe, na wote wawili wamezikwa hapohapo, mume 1957, mke 1969.

Nyota moja nimekata kwasababu wanafunga msimu wote wa baridi, na kama hujui Kalevala utaona fanicha tu. Dawa yake pitia kwanza Ateneum, jumba la makumbusho ya sanaa, ipo mkabala na stesheni kuu ya Helsinki, uliza picha ya Aino ya mchoraji Gallen-Kallela ya 1891, ile ya vipande vitatu, kama ipo ukutani siku hiyo, afu ndo upande treni.