Ghala la Great Coxwell, Uingereza: mafundi wa Mji wa Kale Mombasa mngeliona hili

Nyinyi mkienda Uingereza kuona jamaa kazi yenu maduka ya London tu, basi siku moja pandeni treni mpaka Swindon, hapo mchukue basi la Faringdon, na kutoka Faringdon ni kama kilomita 3 hivi mpaka kijiji cha Great Coxwell. Mnaenda kuona ghala. Eeh, ghala la nafaka, binamu yangu anaishi huko na alinicheka ati nimetoka Mombasa kote huko kuja kuangalia stoo ya wakulima.

Lakini wallahi hiyo stoo! Urefu karibu mita 46, kwenda juu mita 14 na kitu, ukuta wa mawe umeegemezwa kwa nje na minara mifupi ya mawe ili usifunguke. Miti ya paa walipoipima ikaonekana ilikatwa kama 1291 au 1292 hivi, yaani karne tatu kabla ya Mreno kuanza Fort Jesus. Waliojenga ni watawa wa monasteri ya Beaulieu, hilo shamba walipewa na mfalme John wa Uingereza. Wengi huliita ghala la zaka, yaani la mavuno ambayo wakulima walilipa kanisa, lakini si hivyo, mavuno yaliyowekwa humo ni ya shamba lao wenyewe.

Sasa ingia ndani. Sisi nyumba zetu za Kibokoni, pale Mji wa Kale, boriti za mikoko zimelala juu ya ukuta, na mkoko ukishapita mita tatu hivi unapinda, ndo maana vyumba vyetu vyembamba virefu. Hawa wenzetu wana mwaloni, na paa hawakuuachia ukuta ubebe peke yake, wamesimamisha safu mbili za nguzo katikati na uzito mwingi unashukia humo, mbao zimeungwa kwa vigingi vya mbao. Kilichonikalisha pale ni chini ya zile nguzo. Mti haugusi ardhi kabisa, kila nguzo imekalishwa juu ya kinguzo cha mawe zaidi ya mita mbili, mimi nimesimama pale kinanipita, basi unyevu wa chini haufiki kwenye mbao na hata mkokoteni ukigonga unagonga jiwe. Miaka mia saba na ushei, miti bado ipo!

Juu hakuna mabati wala makuti, ni vigae vya mawe, na ukitoka nje uangalie vizuri utaona vile vikubwa vizito vimepangwa chini kwenye ukingo, vinakwenda vikipungua mpaka kileleni vidogo vidogo. William Morris, yule msanii na mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa akikaa kijiji cha Kelmscott karibu na hapo, alilisifu kama kanisa kuu, na hakutia chumvi. Yale malango makubwa ya kwenye ncha yaliongezwa baadaye magari ya farasi yalipokuwa makubwa, ya asili ni ya ubavuni.

Na ukuta umeshikwa kwa chokaa jamani, chokaa kama yetu, sio simiti. Hapa kwetu fundi akiitwa kurekebisha nyumba ya matumbawe anakuja na mifuko ya simiti, anapiga plasta, pesa anachukua, mvua mbili za masika plasta inabanduka vipande na ukuta ndani umelowa chapa kwa sababu maji hayana pa kutokea. Kwetu tumefanyiwa hivyo na bado naumia roho.

Ubaya: hakuna mkahawa, hakuna choo, jipangeni kabla hamjatoka Faringdon. Ndani baridi, vaa koti hata kama nje jua. Nyumba ya shamba ya mawe iliyo pembeni ni ya watu, msichungulie madirishani. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa choo, na kama mwaenda Jumapili ulizieni kwanza kama basi la Faringdon lipo.