Chupa ya Kwanza ya Mvinyo: Uanze na Ipi, Ipi Isubiri

Chupa yangu ya kwanza ilikuwa Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wenye ukakasi mkali, ya bei mbaya. Muuzaji aliniambia ndiyo wanayokunywa wanaojua. Nusu yake tuliimalizia kwa kuichanganya na soda. Mvinyo haukuwa na kosa, ulimi wangu ndio ulikuwa haujafika huko. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa zamu ya kununua, sikuangalia ukubwa wa jina.

Ya kwanza ni Chenin Blanc, na hapa sibishani na mtu. Ni mvinyo mweupe wenye harufu ya nanasi na asali, na uchachu unaoamsha mate kama embe bichi. Asili ya zabibu hii ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi kuliko wote, na huko wanaiita pia Steen. Hata Dodoma ipo. Kwa kuwa ni nyingi, chupa nzuri haikuumizi mfuko, na inakaa vizuri na samaki wa kupaka au pweza wa nazi. Itakufundisha pia somo linalowasumbua wengi: mvinyo unaweza kunukia tunda tamu na usiwe na sukari.

Ya pili ni mvinyo mtamu. Wengi wangeuanza huu, nami nawaelewa. Moscato ya Italia mara nyingi ina kilevi cha asilimia 5 hadi 7 tu. Dompo ya Dodoma ni tamu pia, ila soma kiwango cha kilevi kwenye lebo kabla ya kujimiminia glasi ya tatu. Tatizo la utamu ni kwamba sukari hufunika mengine yote. Nunua chupa moja, inywe sambamba na Chenin, usikie tofauti.

Tatu, Merlot, mvinyo mwekundu. Hapa ndipo unapokutana na ukakasi, ule wa bibo au chai ya rangi iliyokolea, unaokausha ulimi na ufizi. Katika mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Merlot huwa nao kwa upole, kwa hiyo haikutishi.

Nne, siku ya nyama choma: Syrah, mwekundu mwingine, au Pinotage, zabibu nyekundu aliyoizalisha mtaalamu wa zabibu Abraham Perold huko Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kupandanisha zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Pinotage nyingine zina kaharufu ka moshi. Ama utaipenda, ama utampa jirani.

Cabernet Sauvignon iwe ya mwisho. Ukifika, inywe na nyama yenye mafuta, maana mafuta hulainisha ukakasi. Bila chakula itakuonea.

Dukani, chupa iliyosimama juani dirishani iache hata ikipunguzwa bei, joto limeshaiharibu. Mvinyo mweupe wa bei ya chini chukua wa mwaka wa karibuni, haukutengenezwa ili uzeeke. Na ule ushauri kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani ulitoka nchi za baridi. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 30, mwekundu nao uweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kuufungua. Ukibaki, funga kizibo, urudishe humo humo, uumalize ndani ya siku tatu.