Kitabu cha Judi Dench kuhusu Shakespeare, wapenzi wa maigizo msikikose

Nimemaliza kile kitabu cha Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza, alichotoa 2023 pamoja na mwigizaji na mwongozaji Brendan O'Hea, Shakespeare: The Man Who Pays the Rent, na niseme mapema kabisa, kama huyu mama unamjua kwa ile nafasi ya M, bosi wa James Bond kuanzia GoldenEye ya 1995 hadi Skyfall ya 2012, na unatafuta stori za muvi, humu utazipata kiduchu sana. Hiki ni cha jukwaani mwanzo mwisho. Hata hilo jina limetoka nyumbani kwao, yeye na marehemu mumewe Michael Williams, naye mwigizaji, ndivyo walivyokuwa wanamwita Shakespeare maana ndiye aliyekuwa anawalipia kodi.

Ni maongezi tu, O'Hea anauliza na bibi anajibu, tamthilia moja baada ya nyingine. Zilianza kama rekodi za kutunzwa kwenye maktaba ya kumbukumbu ya Globe, ukumbi wa maigizo ya Shakespeare kule London, na kwa kweli inasikika, anakatiza, anacheka, halafu katikati ya utani anakufafanulia Lady Macbeth, mke wa Macbeth, kwa nini anatamka neno fulani kabla ya lingine na wakati huo anataka nini kwa mumewe, yaani ukiwa mwigizaji unarudia ukurasa. Hiyo Macbeth ya 1976 aliicheza na Ian McKellen, Trevor Nunn akiongoza, kwenye banda dogo la mabati pale Stratford, watazamaji wako karibu mno, na kuna padri alikuwa anakuja na msalaba anaunyoosha mbele ili kuwakinga waigizaji na uovu wa tamthilia hiyo!

Kilichonigusa zaidi ni anavyoongelea alipoanguka. 1957 katoka tu chuoni akapewa Ophelia wa Hamlet pale Old Vic, ukumbi wa maigizo London, nafasi ambayo wengine wanaisubiri miaka, na magazeti yakamponda vibaya. Hafichi. Akabaki hapo hapo akacheza vinafasi vidogo vidogo akijifunza kwa kuwaangalia wakubwa, na 1960 akawa Juliet kwenye Romeo and Juliet iliyoongozwa na Mwitaliano Zeffirelli. Siku moja Juliet anamuuliza yaya wake baba na mama wako wapi, baba yake mzazi akajibu kutoka kwenye viti, tupo hapa mwanangu, safu ya H. Nimecheka sana aisee.

Na sisi tuliokua na Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya The Merchant of Venice, tujiandae, maana mama haipendi kabisa ile tamthilia. Alicheza Portia 1971, mumewe akiwa Bassanio, na bado anasema watu wote humo wana tabia mbaya. Mi sikubaliani nae, nadhani ubaya wao ndio unaofanya Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, akisimama kujitetea umsikilize, ila napenda kwamba kasema wazi bila kuzungukazunguka.

Tatizo lake ni kwamba kama hujui hadithi ya Cymbeline au Coriolanus utapotea, soma kwanza muhtasari hata kwenye intaneti. Halafu ile ziara ya 1963, walipozunguka Nigeria, Ghana na Sierra Leone na Macbeth na Twelfth Night wakiwa na Nottingham Playhouse, mimi ningeisoma hata kurasa mia.

Ukumbuke pia huyu kazaliwa 1934 na macho yameshaharibika, script hawezi kuisoma tena, kwa hiyo mistari yote hiyo inatoka kichwani. Asiyeamini amtafute alivyoghani Soneti ya 29 kwenye kipindi cha TV cha Graham Norton mwaka huo huo wa 2023, studio nzima ilinyamaza.

Kuna cha kusikiliza pia, sehemu ya Judi inasomwa na Barbara Flynn na O'Hea anasoma ya kwake, kinafaa sana kama uko safarini. Ila pesa ikiruhusu kimoja tu chukua cha karatasi, kina michoro aliyoichora mwenyewe. Na usilazimike kufuata mpangilio, nenda moja kwa moja kwa Cleopatra wa 1987, alipokuwa na miaka 52 na Anthony Hopkins ndiye Antony, sura hiyo peke yake inarudisha hela yako.