Nilitoa Nouveau nikaweka draiva ya NVIDIA kwenye Ubuntu: uzoefu wangu na GTX 1650

Kama kompyuta yako ina kadi ya picha ya NVIDIA, unatumia mfumo wa Ubuntu, na riziki yako inatoka kwenye Blender (programu ya kuchora kwa 3D) au kuhariri video, toa Nouveau, ile draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyokuja na mfumo, uweke ya NVIDIA wenyewe. Nimezitumia zote mbili kwenye mashine moja, kwa kazi zilezile, na tofauti niliyoiona ni kubwa mno kuinyamazia. Kama kompyuta yako ni ya kuandikia barua, kuangalia video mtandaoni na kusoma barua pepe, usihangaike. Iliyopo inakutosha.

Mimi nachora nyumba. Mteja anakuja na ramani, anataka aone sebule yake itakavyokaa kabla hajanunua tofali la kwanza, nami namtolea picha kwa Blender. Hapa Dodoma kazi hiyo haikauki, maana kila kona kuna msingi unachimbwa. Mashine yangu ni HP ya mtumba, ya zile ndogo za maofisini, Core i5 ya kizazi cha 6 na RAM ya GB 16. Pawa saplai yake haina waya wa kulisha kadi kubwa, ndiyo maana nilichagua GTX 1650 ile fupi ya GB 4. Inahitaji wati 75 tu, na zote inazipata kwenye sloti yenyewe ya ubao mama. Kadi hii iliingia sokoni mwaka 2019, na kwa mtu mwenye kompyuta kama yangu sijaona nyingine inayokaa vizuri hivyo bila kubadilisha pawa saplai.

Nilipoichomeka na kuwasha Ubuntu 24.04, kila kitu kilionekana sawa. Skrini ilikuja na ukubwa wake kamili, maandishi yalikuwa makali, sikuulizwa swali lolote. Hiyo ni kazi ya Nouveau, draiva huria ambayo imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010. Tatizo lilijitokeza nilipofungua Blender. Kwenye mipangilio, sehemu ya kuchagua kifaa cha kurendia (kutolea picha kamili), nikibofya CUDA, njia ya NVIDIA ya kuifanyisha kadi hesabu, napata maandishi mafupi kwamba hakuna GPU, yaani kadi ya picha, inayofaa kwa Cycles, injini ya Blender ya kurendia. Nikibofya OptiX, njia nyingine ya NVIDIA, jibu ni lilelile. Kazi yote ikabaki kwa prosesa, na hata kuizungusha nyumba yenye samani chache tu ikawa ya kukwamakwama. Nilimpigia kijana aliyeniuzia kadi, akanijibu kwa utulivu: "Dada, kadi ni nzima hiyo. Angalia draiva." Alikuwa sahihi kabisa.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa sababu wengi huilaumu Nouveau bila haki. Walioiandika hawakupewa michoro ya ndani ya kadi. Walichungulia kadi inavyozungumza na draiva ya kampuni, wakabuni ya kwao hatua kwa hatua, kazi ya miaka mingi na nyingine ya kujitolea. Halafu kuanzia kizazi cha GTX 900, cha mwaka 2014, NVIDIA ikaanza kudai fimwea (programu ndogo inayokaa ndani ya kadi) yenye saini yake ndipo kadi ikubali kupandisha kasi. Saini hiyo watu wa Nouveau hawakuwa nayo. Matokeo yake kadi inabaki kwenye kasi ya chini iliyowashwa nayo, hata kazi iwe nzito kiasi gani. Ni Fuso lililopandisha mlima Sekenke kwa gia ya kwanza, likafika tambarare, na dereva hana ruhusa ya kubadili gia. CUDA nayo ni mali ya NVIDIA, inakuja na draiva yao tu, kwa hiyo Cycles haikuwa na cha kushika kwenye kadi yangu.

Mambo yameanza kulegea. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akizungumza Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, aliitaja NVIDIA kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, kampuni hiyohiyo ikatoa hadharani msimbo wa moduli zake za kerneli (vipande vya draiva vinavyoingia ndani ya kerneli) kwa kadi za kizazi cha Turing kuja mbele. Kerneli ya 6.7, ya Januari 2024, ikaipa Nouveau njia ya kutumia fimwea mpya ya NVIDIA iitwayo GSP, ambayo ndiyo inayoshughulikia kasi. Lakini kwenye kerneli ya 6.8 niliyokuwa nayo, kadi za Turing kama yangu haziwashiwi njia hiyo zenyewe. Ninafurahi kwa kila hatua wanayopiga, ila mteja wangu anataka picha Ijumaa.

Kuhusu njia ya kuiweka, naomba nisisitize: usiende kupakua lile faili la .run kwenye tovuti ya NVIDIA kama Ubuntu wenyewe wanayo draiva inayokufaa. Faili hilo linajiweka nje ya utaratibu wa apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka na kusasisha programu, na kerneli ikisasishwa unaweza kuwasha kompyuta asubuhi ukakuta skrini nyeusi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika ubuntu-drivers devices, subiri kidogo. Itakutajia kadi yako na orodha ya draiva zinazokubalika, na moja itakuwa imewekewa alama ya kupendekezwa. Kwangu zilitokea namba kadhaa, nyingine zikiwa na mkia wa -open, nyingine -server. Zile za -server ni za mashine za kuhudumia mitandao, mtu wa mezani hazimhusu. Za -open ndizo zenye moduli huria nilizozitaja, na zinafaa kuanzia Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu. Nilichukua 580 ya -open. Andaa bando mapema, maana vifurushi vyake ni megabaiti mia kadhaa.

Sehemu inayowatoa watu jasho ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa moduli zisizo na saini inayotambulika, na hapa nitakwenda taratibu. Nilitumia apt moja kwa moja, nayo ikajenga moduli hapohapo kwenye mashine kwa chombo kinachoitwa DKMS. Katikati ya kazi terminali ilibadilika rangi, ikaniambia niweke nenosiri la muda, herufi 8 hadi 16. Nenosiri hili si lile unaloingilia kwenye kompyuta. Unalitumia mara moja tu, kompyuta ikiwaka tena. Liandike kwenye karatasi, na lisiwe na alama za ajabuajabu, kwa sababu kule linakoombwa kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Kimarekani.

Kompyuta ilipojiwasha upya, kabla ya Ubuntu, lilitokea dirisha la buluu lenye maandishi ya kizamani likihesabu sekunde kurudi nyuma, likitaka nibonyeze kitufe chochote. Ukichelewa linapita, na mfumo unawaka bila draiva. Nilibonyeza, ikaja menyu fupi. Unashuka hadi Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, unaandika nenosiri lako (halionekani likiandikwa, usishtuke), halafu Reboot. Hapo umeiambia kompyuta kwamba saini ya moduli hii unaitambua. Kama dirisha limekupita, si mwisho wa dunia: amri ya mokutil --import, ikielekezwa kwenye faili la MOK.der lililomo ndani ya /var/lib/shim-signed/mok, itakurudisha palepale safari inayofuata. Asiyetaka kupita njia hii atumie sudo ubuntu-drivers install, ambayo kwa kawaida huchukua moduli zilizokwisha kutiwa saini na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, na dirisha la buluu hataliona.

Baada ya hapo niliandika nvidia-smi. Ukipata jedwali lenye jina la kadi yako, umefika. Ukiambiwa imeshindwa kuwasiliana na draiva, rudi kwenye Secure Boot kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Jedwali langu lilionyesha toleo la draiva, toleo la CUDA, joto, kikomo cha wati 75 na kumbukumbu ya MiB 4096. Kitu nilichokikodolea macho ni safu ndogo ya Perf, inayoonyesha kiwango cha kasi, P0 kikiwa cha juu kabisa. Mashine ikiwa imepumzika inasomeka P8. Nikaiacha terminali ikijisasisha kila sekunde kwa watch, nikafungua Blender pembeni, nikaanza kurenda. Papo hapo P8 ikawa P0, joto likaanza kupanda, feni ikasikika. Kadi niliyoilipia ilikuwa imeamka.

Kwenye Blender, OptiX sasa inaitaja GTX 1650 kwa jina. Mara ya kwanza inakaa kidogo ikiandaa vitu vyake, na ujumbe unakwambia hivyo, kwa hiyo usiizime ukidhani imeganda. Sebule niliyokuwa naifanyia majaribio, yenye kochi, pazia na dirisha kubwa la mwanga wa asubuhi, ilikuwa inachukua zaidi ya dakika 40 kwa prosesa. Kwa kadi inatoka kwa dakika 6 hivi. Faida kubwa zaidi kwangu haimo hata kwenye picha ya mwisho. Sasa naweza kuwasha muonekano wa Cycles wakati nafanya kazi, kichujio cha OptiX kikisafisha chengachenga, mteja akiwa amekaa pembeni yangu. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hebu sogeza hilo dirisha nione jua likiingia." Nikalisogeza, akaona. Zamani ningemwomba arudi kesho.

Kwa video, Kdenlive, programu ya kuhariri, inaweza kutumia NVENC, ile sehemu ya kadi iliyotengenezwa maalumu kwa kubana video, na OBS, ya kurekodi skrini, nayo inaiona kwenye orodha ya enkoda (vibanaji vya video). Kurekodi skrini huku Blender ikifanya kazi sasa hakuilemei prosesa. Angalizo kwa wanaofikiria DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video: toleo lake la bure kwenye Linux halifungui video za H.264, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi, na draiva hailibadilishi hilo.

Draiva pia haiongezi kumbukumbu. GB 4 zinajaa upesi ukipanga miti yenye majani halisi kuzunguka nyumba, na Blender itakwambia kumbukumbu ya GPU imekwisha. Mimi hupunguza ukubwa wa picha za vitambaa na kuta zilizo mbali na kamera. Kwa nyumba ya vyumba vitatu inatosha, kwa mtaa mzima haitoshi.

Yapo ya kuvumilia. Kila kerneli inaposasishwa, DKMS hujenga moduli upya, na hiyo huchukua muda. Umeme ukikatika katikati, unabaki na kazi nusu. Tiba yake ni sudo dpkg --configure -a, lakini kinga ni UPS, hata ndogo. Kuilaza kompyuta bila kuizima pia ni mahali panapojulikana kusumbua na draiva hii, kwa kuwa yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kadi yasipohifadhiwa, madirisha yanaweza kurudi yakiwa yamevurugika. Mimi huhifadhi kazi na kuizima kabisa jioni. Na ukiona madirisha yakimetameta chini ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, kwenye 24.04 bofya alama ya gia wakati wa kuingia uchague Xorg, ule wa zamani. Draiva za kuanzia 555 zimeboresha sana upande huo. Ukichoka nayo yote, unaondoa vifurushi vya nvidia kwa apt purge, unawasha upya, na Nouveau inarudi kazini.

Kabla hujatoa hela ya kadi ya mtumba, jua kizazi chake, kwa sababu NVIDIA ndio wanaoamua draiva mpya zitaishia wapi. Kadi za kizazi cha Kepler ziliishia kwenye draiva ya 470, na hata masasisho ya usalama yalikoma mwaka 2024. Maxwell, Pascal na Volta zinaishia kwenye 580. Jina la dukani halitoshi kukwambia: GT 730, kwa mfano, iliuzwa nyingine zikiwa Fermi na nyingine Kepler, boksi likiwa na namba ileile. Nenda na flashi yenye Ubuntu, mwombe muuzaji aichomeke, kisha andika lspci | grep VGA. Usome herufi mbili za mwanzo za jina la chipu: GF ni Fermi, GK ni Kepler, GM ni Maxwell, GP ni Pascal, TU ni Turing. Yangu inasomeka TU117. Ukikuta GF au GK na kazi yako ni Blender, mrudishie kadi yake, hata kama bei ni ya kutupa.